Sabuni katika Nchi ya Dhahabu

Mtu asafiriye kwenda Shinyanga na Geita huulizwa na jamaa zake anafuata nini: almasi, dhahabu, pamba au ng'ombe? Akijibu ya kuwa anakwenda kuangalia sabuni, hapana shaka atachekwa. Hata hivyo twapenda kusafiri nawe leo kutoka uwanda wa Shinyanga, kupitia Kahama, mpaka machimbo ya Geita, na tutakachokitazama njiani ni kile kipande kidogo kikaacho kando ya ndoo katika kila nyumba. Katika nchi ile yenye vumbi, grisi na zebaki, mtu huona waziwazi ya kuwa sabuni ni amana. Aitengenezaye amebeba dhima ya ngozi na tohara ya watu asiowajua, na aitumiaye naye ana dhima ya kujua inachoweza na isichoweza.

Nchi na Mali Yake

Reli itokayo Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, nayo yapita Shinyanga katikati ya nchi ya Wasukuma. Ni nchi ya tambarare, yenye migunga, mawe makubwa yaliyopandana na makundi ya ng'ombe. Zamani miti ilikatwa sana, baadhi kwa kupiga vita mbung'o na baadhi kwa kupata mashamba, hata watu wakaiogopa kuwa jangwa. Tangu mwaka 1986 juhudi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga ikawarudisha wananchi kwenye desturi yao ya kale ya ngitili, yaani kutenga malisho yasiguswe mpaka kiangazi, na miti ikaota tena. Msafiri wa leo apitaye baada ya mvua huona kijani ambacho wazee waliohuzunika zamani walidhani kimekwenda moja kwa moja.

Sifa ya nchi hii ulimwenguni, lakini, imetokana na vilivyo chini ya ardhi. Mwaka 1940 Dk. John Williamson, mjuzi wa mawe kutoka Kanada, alipata almasi Mwadui, karibu na Shinyanga. Upande wa magharibi, Geita ilichimbwa dhahabu tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1966, kisha mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kazi mwaka 2000. Bulyanhulu, katika wilaya za Kahama, ukafuata mwaka 2001. Mwaka 2012 Geita ikafanywa mkoa wenye serikali yake. Basi vijana kutoka kila pembe humiminika huko, na wengi wao hawaendi katika migodi mikubwa bali katika machimbo madogo ya Nyarugusu, Rwamagasa na kwingineko, wakiwa na nyundo, taa ya kichwani na matumaini.

Mali hiyo ya chini hupatwa na wachache. Iko mali nyingine iotayo juu ya ardhi ileile, nayo hupita mbele ya macho ya kila mtu bila kutazamwa. Hiyo ni mbegu ya pamba.

Mbegu ya Pamba

Mkulima apelekapo pamba yake kiwandani ikachambuliwe, karibu theluthi moja ya uzito hutoka kuwa nyuzi, na karibu theluthi mbili ni mbegu. Nyuzi husafirishwa nchi za mbali. Mbegu hukamuliwa mafuta, na makapi yake, yaani mashudu, hulishwa ng'ombe. Mafuta yatokapo kwenye mtambo huwa mekundu yaliyoiva kwa weusi, kwa sababu mbegu ya pamba ina dawa ya asili ijilindayo na wadudu, isiyomfaa mtu kula. Kwa hiyo husafishwa kwa magadi makali mpaka yang'ae. Mashapo mazito yabakiayo katika kusafisha hayatupwi, kwani ndani yake tayari mna sabuni, na viwanda huyafanya sabuni ya kufulia.

Hapa yafaa kijana aelewe sabuni ni nini. Mafuta na maji hayapatani. Lakini mafuta yakikutana na magadi makali kwa kipimo kilicho sawa, hugeuka asili yake, yakawa kitu kipya chenye pande mbili: upande mmoja hushika mafuta, na upande wa pili hushika maji. Ndiyo maana uchafu wenye mafuta huachana na ngozi ukaenda na maji. Vijidudu vingi vya maradhi navyo vimevikwa ngozi nyembamba ya mafuta, na sabuni huipasua au kuing'oa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Shinyanga ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyopatwa na kipindupindu, na katika maradhi hayo mikono iliyooshwa kwa sabuni baada ya choo na kabla ya chakula ni ngao ambayo hata maskini anaimudu.

Kabla ya magadi ya viwandani, watu wa mataifa mengi walimimina maji juu ya majivu, wakayachuja, wakayachemsha pamoja na mafuta. Sabuni ya namna hiyo huwa laini kama uji mzito, haigandi kuwa mche, kwa kuwa magadi ya majivu ni ya namna nyingine. Waislamu wa Sham walipata sifa kubwa katika sanaa ya sabuni ngumu. Mji wa Nablus, katika Palestina, hutengeneza yake kwa mafuta ya zeituni, na vipande hupangwa juu kwa juu kama minara, vikiachiwa nafasi za kupitisha hewa. Mji wa Halab, katika Syria, huchanganya zeituni na mafuta ya mti wa ghar, kisha huiweka sabuni miezi mingi kabla ya kuiuza. Mwezi wa Desemba 2024 shirika la UNESCO liliziandika sanaa zote mbili katika orodha ya urithi wa wanadamu. Kwetu hapa, watu wa Kigoma wanajulikana kwa sabuni yao ya mawese. Basi Shinyanga ikitengeneza kwa pamba na kwa mafuta ya ng'ombe, haifanyi jambo geni. Kila nchi hufanya sabuni kwa kile ilichoruzukiwa.

Kazi ya Mikono

Shirika la Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, limekuwa likiwafundisha watu wa mikoani kazi hii, na vikundi vya akina mama huifanya katika nyua zao. Tutaieleza kwa ufupi, si ili kila asomaye akimbilie kuifanya peke yake, bali ili ajue akinunuacho.

Jambo la kwanza ni mizani. Sabuni haipimwi kwa kikombe wala kwa jicho. Kila mafuta yana haja yake ya kostiki soda: kilo moja ya mafuta ya pamba yataka kadiri ya gramu 138 ili yote yageuke sabuni, ya alizeti gramu 134, ya ng'ombe gramu 140, na ya nazi gramu 183. Mtu akitumia kipimo cha nazi kwa mafuta ya pamba, atatoa sabuni ichomayo kama moto. Watengenezaji wenye busara hupunguza sehemu 5 katika kila 100 za kostiki, ili mafuta kidogo yabaki kuilinda ngozi. Kwa mfano, mafuta ya pamba yaliyosafishwa gramu 600, pamoja na mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa na kuchujwa gramu 400, yatachukua kostiki gramu 132 na maji kadiri ya gramu 330. Mafuta ya pamba peke yake hutoa sabuni laini, na ya ng'ombe huipa ugumu.

Jambo la pili ni hadhari. Kostiki soda si yale magadi ya kupikia maharage, nayo hula ngozi na macho. Daima kostiki ndiyo imiminwayo katika maji, kidogo kidogo, mahali penye hewa, wala maji hayamiminwi juu ya kostiki, maana hufoka na kuruka. Sufuria za alumini, ambazo ndizo zilizojaa majikoni mwetu, hazifai kabisa, kwa sababu kostiki huzila na kutoa hewa iwakayo moto. Chombo kiwe cha plastiki nzito au cha chuma kisichoshika kutu, na mwiko uwe wa mti. Mikono ivae glavu, macho yavae miwani, na watoto wawe mbali. Ikirukia jichoni, lioshwe kwa maji mengi yatiririkayo muda wa dakika 20, kisha mtu apelekwe hospitali. Mtoto akiinywa, asitapishwe, apelekwe upesi. Na ole wake aiwekaye katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kwani koo la mtoto lililochomwa laweza kumtesa umri wake wote.

Maji ya kostiki yakipoa yakawa vuguvugu, humiminwa katika mafuta yaliyo vuguvugu vilevile, na mchanganyiko hukorogwa mpaka uwe mzito kama uji, ukiinua mwiko alama ibaki juu. Humiminwa katika kasha la mbao lililotandikwa karatasi ya nailoni, hufunikwa, na baada ya siku moja au mbili hukatwa vipande.

Jambo la tatu, na ndilo gumu kuliko yote, ni subira. Vipande huwekwa kivulini penye hewa muda wa majuma 4 mpaka 6. Katika siku za mwanzo magadi humalizia kazi yake, na katika majuma yafuatayo maji hutoka polepole, sabuni ikakauka na kuwa ngumu na tulivu.

Katika mtaa mmoja wa Shinyanga mama mmoja alinionyesha rafu zake. Kila ubao ulikuwa na tarehe iliyoandikwa kwa mkaa. Tulipokuwa tukizungumza akaja mchuuzi apelekaye bidhaa machimboni, akataka kuuchukua ubao wa chini wote kwa fedha taslimu.

"Huo una siku 9 tu," akasema yule mama. "Subiri mwezi ujao."

"Mama, wachimbaji hawaulizi umri wa sabuni. Wao wataka povu."

"Mikono yao imepasuka kwa mawe, baba. Nikikuuzia hii, wataniombea dua gani?"

Mchuuzi akaenda zake. Nikamwuliza kama fedha ile haikuwa na haja nayo. Akacheka, akanionyesha kwa kidevu binti yake aliyekuwa akikata karatasi za kufungia, akasema, "Ada ya huyu yadaiwa tangu juzi, Ustadhi. Lakini ada nitaikopa. Ngozi ya mtu sikopi."

Maneno hayo yatosha kuwa somo. Tena liko jambo jingine ambalo yule mama alilijua bila kulitaja. Sabuni mbichi ni nzito kwa sababu imejaa maji, na kadiri ikaavyo hupungua uzito. Auzaye sabuni mbichi kwa mizani huuza maji kwa bei ya mafuta. Katika Kurani imo sura nzima iitwayo Al-Mutaffifin, ya kuwaonya wapunjao vipimo, na mfanya biashara wa sabuni asidhani ya kuwa sura hiyo yawahusu wauza nafaka peke yao.

Tohara ya Mafuta na ya Maji

Shinyanga ni nchi ya ng'ombe, na mafuta ya machinjioni hupatikana kwa bei nafuu. Hapa Mwislamu hana budi kuuliza: je, mnyama huyu alichinjwa kisheria? Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafii, yafuatwayo na walio wengi katika Afrika ya Mashariki, hawakubali ya kuwa najisi hutoharika kwa kugeuzwa sabuni. Kwao mafuta ya nguruwe, au ya mnyama aliyekufa pasipo kuchinjwa, hubaki najisi hata yakinukia waridi. Wanavyuoni wa Hanafi waona ya kuwa kitu kikigeuka asili yake kikawa kitu kingine, hukumu yake hugeuka pia. Hatukuja kugombana juu ya hilo. Twasema tu ya kuwa atengenezaye kwa mafuta ya pamba, ya alizeti au ya mnyama aliyechinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu amewaondolea wote shaka, na amwandikie mnunuzi juu ya karatasi mafuta aliyoyatumia.

Yako mambo mengine ya nyumbani ambayo vijana huyachanganya. Sabuni si sharti la udhu, lakini huondoa grisi, gundi na rangi zizuiazo maji yasifike kwenye ngozi, na fundi wa mashine ya kusagia mawe akitawadha juu ya grisi, udhu wake hautimii. Tena maji yaliyogeuzwa sana na sabuni hata yasiitwe maji matupu hayatawadhiwi, bali mtu ajisuuze kwanza, kisha atawadhe kwa maji safi. Na chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kwa kauli yenye nguvu zaidi katika madhehebu ya Shafii sabuni haiwi badala ya udongo. Atokaye kwenda Hija naye anakatazwa manukato akiwa katika ihramu, na sabuni ya mkono isiyotiwa harufu yamfaa kuliko zile zinukiazo. Hata katika kumwosha maiti, sunna ni kutumia majani ya mkunazi, ambayo yakipondwa katika maji hutoa povu lake, na kafuri katika osho la mwisho. Msafiri aupitiaye mkunazi kando ya barabara aikumbuke sabuni hii ya asili.

Sabuni njema yataka maji mema. Nyanda kavu za Shinyanga zina visima vingi vya maji magumu, yenye chokaa na chumvi, na katika maji hayo sabuni haitoi povu bali huganda utando mweupe juu ya ndoo. Mama wa nyumba hudhani sabuni ni mbaya, kumbe ni maji. Mwaka 2009 ulizinduliwa mradi mkubwa uchukuao maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, katika Misungwi, ukayaleta Shinyanga na Kahama. Maji ya ziwa ni laini, na kipande kilekile kilichokwisha kwa juma moja kisimani hudumu zaidi bombani. Palipobaki maji magumu, yafaa kukinga ya mvua kwa kufulia nguo nyeupe.

Barabara ya Geita

Kutoka Shinyanga msafiri hupita Tinde na Isaka hata Kahama, mji wa mchele na biashara, ambao sokoni mwake miche ya sabuni hukatwa kwa kisu na kuuzwa vipande kwa wenye fedha kidogo. Kutoka hapo njia moja yaelekea Kakola na Bulyanhulu mpaka Geita. Atakaye njia ya Mwanza hupita sasa juu ya Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa mwezi wa Juni 2025, mahali ambapo zamani magari yalingoja kivuko saa nyingi.

Katika machimbo madogo mtu husikia kwanza sauti ya makarasha, mashine za kusagia mawe. Unga wa mawe hupitishwa katika mialo kwa maji, na mchanga mzito ubakiao huchanganywa na zebaki, ambayo hushika chembe za dhahabu. Wengi huichanganya kwa mikono mitupu. Kisha donge hukamuliwa katika kitambaa, na mwisho huchomwa motoni: zebaki huruka kuwa mvuke, na dhahabu hubaki.

Hapa ndipo twataka wazazi wasome kwa makini. Kijana atokaye kwenye kazi hiyo hunawa kwa sabuni, akaona mikono yake imetakata, akaketi kula na wanawe. Ni vema kunawa, na asiache. Lakini sabuni haiiui zebaki wala haiufuati mvuke uliokwisha kuingia kifuani. Mvuke huo hauonekani, hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, hutetemesha mikono, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Mwaka 1956 madaktari wa Minamata, nchini Ujapani, walitangaza maradhi ya kutisha yaliyotokana na zebaki ya kiwandani iliyoingia katika samaki wa ghuba yao. Kwa jina la mji huo mataifa yalifanya mkataba wa kuizuia zebaki mwaka 2013, na Tanzania ikauridhia mwaka 2020.

Basi nasaha zetu ni hizi. Donge la dhahabu lisichomwe nyumbani wala jikoni, bali mbali na watu, katika chombo kilichofungwa kinachounasa mvuke na kuirudisha zebaki. Mikono isiguse zebaki pasipo glavu. Nguo za kazi zivuliwe huko huko, zisitikiswe ndani ya nyumba, zifuliwe peke yake, wala si pamoja na nepi za mtoto na kanzu za sala. Maji ya kufulia yasimwagwe karibu na kisima wala mtoni. Na sufuria iliyowahi kuchomewa au kuwekewa zebaki isirudi kupikiwa kamwe.

Sabuni Iliyo Adui

Lipo jambo la kusikitisha zaidi. Zebaki ileile tuikimbiayo machimboni imekuwa ikiletwa nyumbani kwa hiari, tena ndani ya sabuni. Zipo sabuni na krimu za kujichubua zitiwazo chumvi za zebaki ili kuizuia ngozi isitoe rangi yake. Hudhuru figo, huiharibu ngozi yenyewe, na humfikia mtoto mchanga abebwaye kifuani na mama aliyejipaka. Serikali yetu imevipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, na mkataba wa Minamata nao wavikataza, walakini bado hupenya masokoni kwa magendo. Tangu mwaka 2019 Shirika la Viwango, TBS, ndilo liangaliaalo vipodozi, na mnunuzi na aitazame alama yake.

Binti zetu, mnunuapo sabuni isiyo na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo, iahidiyo weupe kwa siku 7, jiulizeni ni kitu gani kiwezacho kuifuta rangi aliyoiumba Mola wenu. Sabuni ya halali huondoa uchafu ikaiacha ngozi ilivyo. Iondoayo ngozi yenyewe si sabuni. Nanyi vijana wa kiume msicheke, kwa kuwa mara nyingi ni maneno yenu ya kusifia weupe yawapelekayo dada zenu dukani.

Kuitunza

Sabuni ya mkono haina dawa za kuihifadhi, kwa hiyo hutaka kuangaliwa. Adui wake wa kwanza ni maji yaliyotuama. Iwekwe juu ya kijiti au kisahani chenye matundu, ipate kukauka baada ya kila matumizi. Mche mrefu ukatwe, kitumiwe kipande kimoja, na vilivyobaki vifungwe katika karatasi, mahali pakavu pasipo jua. Visifungwe katika nailoni wakati bado vina unyevu. Sabuni ya pamba na alizeti ikikaa sana katika joto huota madoa ya rangi ya chungwa na kutoa harufu ya mafuta yaliyochacha. Hiyo isipakwe usoni, japo yafaa kufulia. Vipande vidogo vilivyobaki visitupwe, bali vikunwe na kulowekwa katika maji moto, viwe sabuni ya kunawia mikono kando ya choo.

Ununuapo sabuni ya jirani, muulize imetengenezwa lini. Ikiwa haijafikisha mwezi, inunue uiweke. Sabuni ni miongoni mwa vitu vichache vinavyoongezeka ubora kwa kukaa. Na umpapo maskini sadaka ya unga, tia na kipande cha sabuni, maana wapo waonao haya kuomba sabuni kuliko kuomba chakula.

Neno la Mwisho

Dhahabu ya Geita itachimbwa mpaka iishe, kama ilivyokwisha kufungwa mara moja mwaka 1966. Mbegu ya pamba hupandwa kila mwaka, na ng'ombe huzaa. Hatuwaambii vijana waache machimbo, kwani riziki ya halali hutafutwa popote. Twawaambia ya kuwa nchi ile ina kazi nyingine, isiyomtetemesha mtu mikono uzeeni, na mtaji wake ni mizani, hadhari, subira na uaminifu. Mizani na glavu huuzwa dukani, lakini subira na uaminifu kila mtu hana budi kuja navyo kutoka kwao.

Na wewe mama uliye nyumbani, ushikapo kipande cha sabuni kumwosha mwanao kabla ya kumpeleka madrasa, kumbuka ya kuwa yuko mtu mahali fulani aliyekipima, akakisubiri, na pengine akaikataa fedha ya haraka kwa ajili ya ngozi ya mtoto asiyemjua. Mlipe haki yake bila kumpunja, kama naye hakukupunja. Mwenyezi Mungu atutakase nje na ndani, azibariki kazi za mikono yetu, na awahifadhi vijana wetu walioko machimboni. Amin.